Roboti inajuaje mahali ilipo ndani ya jengo?

Usiku wa manane, mashine yenye kimo cha mtoto inajongea taratibu katika ushoroba wa hospitali, imebeba vichupa vya damu vinavyosubiriwa maabara. Hakuna anayeisukuma wala anayeiongoza. Milango ya kushoto inafanana na ya kulia, na kila ghorofa ni nakala ya ile iliyo chini yake. Ili vichupa hivyo vifike vinakotakiwa, mashine sharti iweze kujibu swali moja: niko wapi?

Kwa binadamu swali hilo ni jepesi, na aghalabu hulijibu bila hata kufikiri. Kwa roboti, limewashughulisha wahandisi kwa zaidi ya nusu karne. Mojawapo ya majibu yaliyodumu ni lile lililojulikana na manahodha tangu zamani: tazama alama unazozifahamu, kisha ukadirie mahali ulipo kwa kuzilinganisha. Makala haya yanaeleza jinsi jibu hilo linavyofanya kazi, lilikotoka na mipaka yake.

Kwa nini setilaiti hazitoshi

Mtu aliye nje na simu ya mkononi huweza kujua alipo kwa msaada wa mfumo wa GPS, unaotegemea setilaiti zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Mawimbi ya redio ya setilaiti hizo yanapofika ardhini huwa yamedhoofika mno, na zege, vyuma na mabati huyazuia au kuyarudisha yalikotoka. Hata pale yanapopenya, kosa la mita kadhaa, ambalo halimdhuru dereva aliye barabarani, ndani ya jengo ni tofauti kati ya chumba kimoja na kingine.

Njia inayomjia mhandisi akilini kwanza ni kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Ikiwa gurudumu lina mzingo wa nusu mita na limezunguka mara 20, roboti imekwenda mita 10. Tofauti ya mizunguko kati ya gurudumu la kushoto na la kulia huonyesha imepinda kiasi gani.

Hesabu hiyo huaminika kwa mwendo mfupi tu. Gurudumu huteleza juu ya sakafu iliyopigwa deki, hupanda ukingo wa zulia na hulika kadiri linavyotumika. Roboti iliyopotoka kwa digrii moja tu itakuwa imeiacha njia yake kwa sentimita 17 baada ya mita 10, na kwa zaidi ya mita 1 baada ya mita 60. Upana wa mlango wa kawaida haufiki mita 1. Ubaya zaidi ni kwamba kosa la hatua moja haliondoki katika hatua inayofuata. Hulimbikizwa juu ya mengine. Hivyo basi mashine huhitaji kitu kilicho nje yake, kisichosogea, cha kuisahihisha.

Funzo la manahodha

Nahodha anayekaribia bandari akiona mnara upande mmoja na kilima upande wa pili, na akiwa na dira, huweza kuchora mistari miwili juu ya ramani yake. Pale inapokatana ndipo chombo chake kilipo.

Roboti iliyo ndani ya jengo haiwezi kuiamini dira, kwani nondo zilizo kwenye zege pamoja na mota zake yenyewe huivuruga sindano. Kwa hiyo, ikiwa inajua tu pembe zilizopo kati ya alama na alama, inahitaji alama 3. Kwa hizo hupata mambo mawili kwa mpigo: mahali iliposimama na upande ilioelekea.

Kuna mtego ambao wanamaji na wapima ardhi waliujua zamani. Iwapo roboti imesimama juu ya duara linalopita katika alama zote 3, pembe hazisemi lolote la maana, kwa kuwa kila sehemu ya upinde ilipo hutoa pembe zilezile. Mtu anayepanga alama ndani ya ghala au hospitali hulazimika kulifikiria jambo hilo kabla ya kubandika hata moja.

Alama za kubandikwa na alama za jengo lenyewe

Alama zinazotumiwa na roboti zimegawanyika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni alama zinazotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mashine. Maarufu miongoni mwazo ni AprilTag, iliyobuniwa na Edwin Olson wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na kuelezwa hadharani mwaka 2011. Ni mraba mweusi wenye vijiraba vyeusi na vyeupe ndani yake, na kila mraba una namba yake. Katika kundi linalotumika sana kuna alama 587, kila moja ikiwa na vijiraba 36 vya habari. Alama zozote mbili hutofautiana kwa vijiraba visivyopungua 11, hata zikigeuzwa upande. Kwa hiyo, kivuli kikifunika vijiraba kadhaa, kompyuta bado inaweza kutambua ni alama ipi bila kuichanganya na nyingine.

Mfano mwingine uko sakafuni. Kampuni ya Kiva Systems, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, ilibandika vibandiko vyenye misimbo kwenye sakafu za maghala, na roboti zake fupi zikavisoma kwa kamera inayotazama chini huku zikibeba rafu nzima za bidhaa. Amazon iliinunua kampuni hiyo mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na mwaka 2025 ikatangaza kuwa imefikisha roboti milioni 1 katika maghala yake. Si zote zinazosafiri kwa njia hiyo, lakini vibandiko hivyo vya sakafuni ndivyo vilivyoifungua njia.

Kundi la pili ni alama ambazo jengo lenyewe linazo: pembe za kuta, fremu za milango, taa za dari, mabango, hata doa lililo ukutani. Hizi hazina gharama ya kubandika, na mwenye nyumba halazimiki kupamba sebule yake kwa miraba myeusi. Gharama yake iko kwenye hesabu, kwani ni kazi ngumu kuifundisha kompyuta kwamba mlango ulioonekana kutoka kushoto asubuhi ni uleule unaoonekana kutoka kulia usiku.

Picha inavyogeuzwa kuwa umbali

Kamera haipimi umbali. Hupokea nuru tu. Umbali hupatikana kwa sababu ukubwa wa alama unajulikana tangu mwanzo. Tuchukue alama yenye upana wa sentimita 16, na kamera ambayo urefu wa fokasi ya lenzi yake ni sawa na pikseli 800. Alama ikiwa mita 2 mbele, itachukua pikseli 64 kwenye picha. Ikiwa mita 4, itachukua pikseli 32. Ikiwa mita 8, zitabaki 16.

Sasa tuseme kompyuta imekosea kwa pikseli 1. Katika mita 2, umbali utakosewa kwa takriban sentimita 3. Katika mita 4, kosa litakuwa kama sentimita 13. Katika mita 8, litapita nusu mita. Kwa upande mwingine, pikseli hiyo hiyo moja ikihusu mwelekeo wa alama badala ya ukubwa wake, huleta kosa la sentimita 1 tu ubavuni, hata alama ikiwa mita 8.

Kutokana na hesabu hiyo, wahandisi wamejifunza kanuni mbili. Alama iliyo karibu huaminiwa kwa umbali, na alama iliyo mbali huaminiwa kwa mwelekeo. Tena, alama bapa inayotazamwa uso kwa uso ni hafifu katika kuonyesha imeinama upande gani. Ikitazamwa kwa mshazari kidogo, hueleza zaidi.

Kutoka Shakey hadi makumbusho ya Washington

Kati ya mwaka 1966 na 1972, watafiti wa Stanford Research Institute huko California walijenga roboti iliyoitwa Shakey kwa sababu ya kutikisika kwake. Ilikuwa na kamera ya televisheni, nayo ilipokwenda mbali ilitazama pale kuta zinapokutana na sakafu ili kusahihisha makadirio yake. Vyumba vyake vilitayarishwa kwa makusudi ili mistari hiyo ionekane bayana.

Mwaka 1979, gari dogo la Chuo Kikuu cha Stanford lililosimamiwa na Hans Moravec lilivuka chumba kilichojaa viti bila msaada wa mtu. Safari hiyo ya takriban mita 20 ilichukua kama saa 5, kwani kila baada ya mwendo wa mita 1 mashine ilisimama kwa dakika kadhaa kupiga picha na kukokotoa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wazo hilo likaingia hospitalini. Joseph Engelberger, anayetajwa kuwa baba wa roboti za viwandani, aliongoza kampuni iliyotengeneza HelpMate, roboti ya kupeleka vyakula, dawa na mafaili, iliyoanza kazi katika Hospitali ya Danbury, jimboni Connecticut. Mashine hiyo ilihesabu magurudumu yake kama nyingine, lakini pia ilitazama taa za dari za ushoroba, na kila ilipozitambua ilijisahihisha.

Mwezi Mei 1997, roboti Rhino ya Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, iliwatembeza wageni kwa siku 6 katika Deutsches Museum ya mji huo. Rhino ilitegemea zaidi miale ya leza, na ikakumbana na matatizo mawili: umati uliozificha kuta, na vioo vya maonyesho ambavyo vihisio vyake havikuviona.

Mwaka uliofuata, mrithi wake aliyeitwa Minerva alifanya kazi kama hiyo kwa muda wa wiki mbili katika makumbusho ya historia ya Marekani ya Smithsonian mjini Washington, akasafiri zaidi ya kilomita 44. Safari hii waundaji waliongeza kamera iliyoelekezwa juu. Watu huziba kuta, lakini ni nadra mtu kuiziba dari. Roboti ilitengenezewa ramani ya picha ya dari nzima, ikawa inajua ilipo kwa kulinganisha kipande inachokiona na ramani hiyo.

Kukisia kwa hesabu

Hakuna kihisio kisichokosea. Kwa hiyo suala halisi ni namna ya kuupima ushahidi mmoja dhidi ya mwingine, kama afanyavyo kadhi anaposikiliza mashahidi wawili.

Chombo cha kwanza ni kichujio cha Kalman, kilichopewa jina la Rudolf Kálmán, mzaliwa wa Hungaria aliyekichapisha mwaka 1960. Mathalani, magurudumu yanasema roboti imekwenda mita 10.4, na shaka yake ni sentimita 40. Alama ya ukutani inasema ni mita 10.0, na shaka yake ni sentimita 10. Kichujio hakigawi kati kwa kati. Humpa kila shahidi uzito kulingana na uaminifu wake, na jibu lake huwa takriban mita 10.02, likiwa na shaka ndogo kuliko ya shahidi yeyote akiwa peke yake.

Njia hiyo hushindwa pale roboti isipokuwa hata na fununu ya mahali ilipo. Hali ngumu zaidi wataalamu huiita tatizo la roboti iliyotekwa: mashine iliyokuwa ikijua ilipo inabebwa na kuwekwa kwingine bila kuambiwa. Mwaka 1999 Frank Dellaert, Dieter Fox, Wolfram Burgard na Sebastian Thrun walieleza njia nyingine, iliyopewa jina la Monte Carlo, mahali mashuhuri kwa michezo ya kubahatisha.

Katika njia hiyo roboti hutawanya makisio maelfu juu ya ramani, kila moja likidai, "mimi ndiye mahali ulipo." Tuchukue jengo lenye shoroba mbili zinazofanana, isipokuwa mmoja una kizima moto mwekundu mwishoni. Roboti ikiuona mlango, makisio yote yaliyo karibu na milango huongezewa uzito, na mengine hufifia. Ikisogea, makisio yaliyobaki husogezwa pamoja nayo. Kwa muda, makundi mawili huishi sambamba, moja katika kila ushoroba, na mashine iliyoundwa vizuri haijidai kujua zaidi ya hapo. Kizima moto kinapoonekana, kundi moja hufa na lingine hubaki. Ili utekaji usiiangamize, makisio machache mapya hutawanywa kila mara, kama akiba.

Pale ramani isipokuwepo

Hadi hapa imechukuliwa kwamba ramani ya alama iko tayari. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 watafiti waliuliza lililo gumu zaidi: je, roboti inaweza kuchora ramani huku ikiitumia ramani hiyo hiyo kujua ilipo? Jawabu ni kwamba inawezekana, mradi mashaka ya alama na mashaka ya roboti yahesabiwe kwa pamoja. Roboti inaporudi mahali ilipowahi kupita na kupatambua, kosa lililolimbikizwa njiani husahihishwa kwa mara moja kwenye ramani nzima.

Maendeleo mawili yaliharakisha kazi hiyo. Mwaka 1999 David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alieleza njia ya kutambua nukta za picha ambazo hubaki zilezile hata kitu kikisogezwa mbali au kugeuzwa. Mwaka 2003 Andrew Davison, akiwa Oxford, Uingereza, alionyesha kwamba kamera moja tu, inayosogezwa kwa mkono, yaweza kujenga ramani ya namna hiyo papo hapo.

Matunda yake yameingia majumbani. Roboti ya kufagia Roomba 980, iliyotolewa mwaka 2015, ilitumia kamera kukumbuka sehemu za chumba ilizokwishapita. Yamefika hata angani: tangu mwaka 2019 roboti za Astrobee za NASA, zenye umbo la mchemraba wa takriban sentimita 30, zimeelea ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa kulinganisha picha za kamera na ramani ya nukta iliyoandaliwa kabla. Huko nako wanaanga wakihamisha mizigo, ramani hupitwa na wakati.

Mambo ya kuzingatia

Kwa anayetaka kuweka alama katika jengo, uzoefu wa miaka hiyo unaweza kufupishwa hivi:

- Alama ziwe juu ya vichwa vya watu au darini, ili umati usizifiche.
- Zichapishwe kwenye karatasi isiyong'aa. Mng'ao wa taa hufuta vijiraba.
- Zitawanywe, zisikusanywe ukuta mmoja, na daima roboti iweze kuona zaidi ya moja.
- Ukubwa wake ulingane na umbali. Alama inayobaki pikseli chache haina faida.
- Katika shoroba zinazofanana, kila moja ipewe angalau alama moja isiyo na pacha.
- Mahali pa kila alama papimwe kwa uangalifu, kwani kosa la ramani hurithiwa na roboti.
- Roboti ifundishwe kusimama na kuomba msaada inapopoteza alama zote.

Nukta hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Mashine inayojua kwamba imepotea huchelewesha vichupa vya damu. Mashine iliyopotea na isiyojua huvipeleka kwingine kwa ujasiri uleule. Vioo vinavyoakisi chumba, jua la jioni linalopofusha lenzi, na picha inayofifia kwa kasi ya mwendo, vyote huweza kuzaa hali hiyo ya pili.

Macho ndani ya nyumba

Liko pia suala la faragha. Kamera inayotafuta fremu ya mlango humwona pia aliyesimama mlangoni. Mwezi Desemba 2022, jarida la MIT Technology Review liliripoti kwamba picha zilizopigwa majumbani na roboti za kufagia, mojawapo ikimwonyesha mwanamke akiwa msalani, zilivujishwa mitandaoni na wafanyakazi wa mbali waliopewa kazi ya kuziainisha. Kampuni husika ilisema roboti hizo zilikuwa za majaribio na kwamba waliokuwa nazo walikubali kurekodiwa.

Baadhi ya waundaji hujitetea kwamba mashine zao hazihifadhi picha, ila nukta za alama tu. Utetezi huo hautoshi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kutokana na nukta hizo pekee inawezekana kuirejesha picha ya chumba kwa kiasi cha kukitambua. Kinga iliyo madhubuti zaidi ni ile ya tangu enzi za HelpMate na Kiva: kuielekeza kamera kule ambako watu hawapo, juu darini au chini sakafuni, na kuziacha hesabu zifanyike ndani ya mashine bila kupelekwa kwingine.

Kwa wengi wanaofanya kazi katika maghala, hospitali na hoteli za Ulaya, Marekani na Ghuba, mashine hizi zimekwishakuwa wafanyakazi wenza. Mraba mweusi ulio juu ya mlango au kibandiko kilichochakaa sakafuni yamkini ndicho kitu pekee kinachoiambia mmoja wao ilipo. Anayeking'oa wakati wa usafi, akidhani ni takataka, huenda asijue kwamba ameizimia nahodha taa ya mnara.